Uvimbe wa shingo uliokuwa unadunda, nilivyoenda nao mpaka ukatolewa

Naandika hasa kwa mwenye uvimbe wa shingo usiouma na kila mtu anamwambia ni tezi au TB ya matezi, maana huku kwetu Njombe hayo mawili ndo yanatajwa kwanza na mara nyingi kweli ndo yanakuwa. Wangu haukuwa. Ulikaa chini ya taya upande wa kulia, miaka na miaka unakua taratibu mno, ukiweka kidole unasikia unadunda pamoja na moyo. Sehemu ya kwanza nilipoenda kutibiwa walishaandika nichomwe sindano wapime nyama, ila kabla ya tarehe nikaonana na dokta wa masikio, pua na koo, akaushika kwa dole gumba na kidole cha shahada, akausukuma kushoto kulia ukaenda, akausukuma juu chini ukagoma. Akarudia. Akaweka kile kifaa cha kusikilizia moyo juu yake, akakaa kimya kidogo, akasema mama hii sindano tuiache kwanza, nenda kapige CT ile yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Ikaja na jina refu, paraganglioma. Nilivyoelewa mimi, pale mshipa mkubwa wa damu wa shingoni unapogawanyika njia mbili kuna kinyama kidogo kama punje ya mchele, kazi yake kupima oksijeni kwenye damu, sasa hicho ndo kilikuwa kimeota uvimbe. Kwenye picha ile mishipa miwili imetanuliwa kabisa na uvimbe umekaa katikati umejaa damu, ndo ukaona kwa nini kuuchoma hovyo ni hatari. Dokta akaniuliza nimekulia wapi, nikamwambia Makete, akatikisa kichwa, akasema watu wa milimani kwenye hewa nyepesi wanaupata zaidi kuliko wengine, na umeonekana sana kule milima ya Andes. Halafu akauliza kuhusu wazazi. Baba alikuwa na uvimbe hapohapo mpaka anafariki, nyumbani tulishazoea kuuita tezi la baba!

Kitu ambacho usikubali wakiruke kabla ya upasuaji ni kipimo cha homoni. Wachache wenye uvimbe huu wa shingo, unakuwa unamwaga homoni za kupandisha presha, ukilala mezani bila dawa ya kuituliza presha inaweza kuruka vibaya. Unakusanya mkojo wa saa 24 kwenye kidumu, aibu weka pembeni, kwenye basi mimi nilikipakata kwenye kikapu kama dumu la mafuta. Wangu ulikuwa safi. Na si kila mtu anapasuliwa, kuna wazee ambao wanaangaliwa tu kwa picha, wengine wanapigwa mionzi. Mimi nilikuwa bado na nguvu na uvimbe ulikuwa haujaumeza mshipa wote, tukakubaliana kutoa, akanieleza waziwazi hatari zake, kuhusu kiharusi, kuhusu sauti na kuhusu ulimi.

Sauti ilikauka kweli, kwa wiki kadhaa naongea kama mtu wa mafua, sokoni kwenye viazi nikamweka binti yangu awe ndo anaita wateja. Maji yalikuwa yananipalia kuliko uji, mtaalamu wa kumeza akanifundisha niinamishe kidevu kifuani ndo nimeze, na chai ninywe kwa funda dogo.

Ila kilichonishtua ni mengine. Nimesharudi nyumbani, kidonda kimefunga, naweka tonge la kwanza mdomoni, yaani maumivu yakanikamata mbele ya sikio kama taya imekakamaa, machozi yakanitoka, nikajua uvimbe umerudi. Tonge la tatu, la nne, hamna kitu. Mlo unaofuata, vilevile. Kumbe inajulikana, mishipa ya fahamu inayoenda kwenye tezi la mate inaguswa wakati wa upasuaji, basi mate yakianza kutoka tezi linabana. Ndimu na ukwaju ndo mbaya zaidi, hata kuona tu mtu anakula embe bichi na chumvi nilikuwa naumia. Nikawa naanza na kijipande cha ugali mkavu bila mboga, nakitafuna upande wa kushoto polepole, ndo nagusa mboga. Wengine wanapewa dawa za maumivu ya mishipa, mimi yalipungua yenyewe baada ya miezi.

Sampuli ya damu ilipelekwa nje kupima vinasaba, gharama ndugu walichangishana, ikarudi na hitilafu kwenye kinasaba kinachoitwa SDHD. Hii ina tabia ya ajabu, mtoto akiirithi kwa baba anaweza kuugua, akiirithi kwa mama kwa kawaida haugui ila anaibeba. Kwa hiyo wanangu dokta hakuwa na wasiwasi nao sana, aliowataka ni kaka yangu na watoto wake. Kaka mwanzoni alikataa, eti mimi sina uvimbe, wifi ndo akambeba na watoto wote mpaka maabara. Majibu bado tunayasubiri.