Nilivyokipata kidumbaki kwa kufuata viti

Miaka mitatu mfululizo niliambiwa kidumbaki, ile ngoma ya harusi za Unguja, kimekufa. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mzanzibari wa kuzaliwa, alinitangazia kama wanavyotangaza misiba redioni: "Bibi wee, siku hizi kule ni kinanda na singeli tu, usipoteze nauli yako." Nauli nikaipoteza mara mbili, hilo nakubali. Ya tatu nilirudi Dar nyayo zimevimba kwa kucheza, na huyo mwenzangu mpaka leo tukikutana kwenye ngazi namwangalia tu.

Chanzo ni ubishi na kaka yangu. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye taarabu, ana kanda za Ikhwani Safaa, klabu kongwe ya taarabu ya Unguja, ambazo hata mkewe haruhusiwi kuzifuta vumbi. Mwaka 2020 ikatoka albamu ya Siti Muharam, Siti of Unguja, kitukuu wa Siti binti Saad akiimba nyimbo za bibi yake huyo. Jamani, si jambo dogo. Siti binti Saad ndiye yule mwana wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu mjini, halafu mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Nikaisikiliza usiku mmoja mara nne. Kaka akasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, akavua spika za masikioni, akasema, "Wameipiga msasa. Watu wa London hao wamekaa kwenye mashine wanachezea besi." Nikamwambia besi ndiyo utamu wake. Akaniuliza, "Wewe besi ya Unguja umeisikia wapi? Ushawahi kukaa mbele ya sanduku?"

Sikuwahi. Hapo akaniweza.

Kwa ambaye hajui: taarabu ya Unguja tunayoisifia ni ile ya kukaa kitako. Ikhwani Safaa walianza mwaka 1905, klabu ya Culture mwaka 1958, wapigaji wamevaa suti, ala ni kanuni, udi, nai, safu ya fidla, akodiani, na msikilizaji ametulia anasubiri ubeti umguse ndipo ainuke akatunze. Kidumbaki ni mtoto wa nje wa familia hiyohiyo. Fidla moja, vigoma viwili vidogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, mwimbaji, na sanduku, yaani besi ya kamba moja. Nyimbo ni zilezile za klabu kubwa, ila zinaunganishwa moja baada ya nyingine bila kupumua, maneno yanageuzwa kumsema aliyepo, na mwisho wake ni kiuno. Ni muziki wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, si wa Mji Mkongwe.

Jaribio la kwanza lilikuwa Sauti za Busara, Februari, pale Ngome Kongwe. Mwenzangu yuleyule (na hapa ndipo ningepaswa kumjua) akanishauri kwamba kule hakuna cha maana kinachoanza kabla ya saa tatu usiku, nipumzike kwanza. Nikapumzika. Nikaenda Forodhani nikala mishikaki bila haraka yoyote kama mke wa waziri. Naingia ngomeni, namwona mzee mmoja anaifuta fidla yake kwa kitambaa na kuirudisha kwenye mkoba. "Ndiyo tumemaliza, mwanangu," akaniambia, tena kwa upole ulioniuma zaidi. Wenyeji wanajua tamasha lile linaanza jioni, jua bado lipo. Sikurudi mtupu, usiku ule nilisikia vikundi vizuri vya bara zima. Lakini kaka aliponipigia kuuliza, nilimwambia mtandao unasumbua.

Jaribio la pili nalisimulia kwa aibu. Nilipita hoteli moja ya pwani, kibao mlangoni kimeandikwa usiku wa taarabu asilia, na hilo neno asilia ndilo lililoniponza. Nikakaa meza ya mbele kabisa. Soda ilikuwa bei ambayo kwetu ungerudi na nusu kreti. Wakatokea vijana wawili, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata, kofia za kito, wazuri kweli. Mmoja akasimamisha kinanda kwenye miguu ya chuma, akabonyeza kitufe, ngoma zikaanza kulia zenyewe. Wakaimba ule wimbo wa kukaribisha wageni. Wageni wakapiga makofi. Wakaimba mwingine nisioujua, halafu wakarudi kwenye ule wa kukaribisha wageni, kwa kuwa kuna basi lilikuwa limeshusha wengine. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamwita yule wa kinanda kwa heshima zote, "Mwanangu, hamna fidla?" Akanitazama, akainama, akabonyeza kitufe kingine. Ikatoka fidla.

"Ipo, mama," akasema.

Nililipa soda nikaondoka. Nasikia kuna watu wanaotoka pale wakasema wameona taarabu, siwalaumu, na mimi ningekuwa nimeshuka kwenye basi ningesema hivyohivyo.

Safari ya tatu nilifikia kwa wifi yangu Jang'ombe. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, kidumbaki hakibandikwi kwenye kibao. Kidumbaki kinaalikwa." Akaendelea kupepeta mchele kana kwamba hajasema kitu. Mimi sikulala. Kama kinaalikwa, kinaalikwa harusini, na harusi mjini ni nyingi, na mimi sijaalikwa hata moja. Nani anazijua zote? Sheha anazijua, lakini sheha lazima akuulize unazitakia nini. Wapishi wanajua za kwao tu. Kulipokucha ndipo likanijia, na naomba nisifiwe hapa maana sijasikia mtu mwingine aliyelifikiria: mwenye viti. Hakuna harusi isiyokodi viti.

Wifi akanielekeza kwa mzee mmoja anayekodisha viti na maturubai, ua wake umejaa viti vya plastiki vimepandana kama minara. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Unataka viti vingapi?"

"Sitaki viti, mzee wangu. Nataka kujua vinakokwenda."

Akaweka kikombe chini. Nadhani alinidhania mtu wa kodi. Ikabidi nimweleze yote, kaka, albamu, ngomeni, kitufe cha fidla. Kwenye kitufe akacheka, na alipocheka tu nikajua nimefika. Akatoa daftari la kaunta lililoraruka jalada. Viti 200 Amani, Ijumaa: "Hii hitma, usiende." Viti 150 Mikunguni: "Hawa wameleta bendi, spika kama makabati." Kidole kikashuka, kikasimama. Viti 40, turubai kubwa, Kwahani, Jumamosi baada ya laasiri. Akaligeuza daftari nilione.

"Anayechukua turubai kubwa na viti vichache," akasema, "watu wake hawatakaa."

Kuna watu wana shahada za muziki hawajui hilo.

Nguo sasa. Wifi alinishauri baibui jeusi, nitapotea kwenye watu. Ushauri mbovu wa pili katika hadithi hii, na huu umetoka kwa mtu ninayempenda. Nilifika nikakuta wanawake wote wamevaa sare, kitambaa kimoja cha rangi ya zabibu kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Baibui langu jeusi katikati yao lilikuwa kama nzi kwenye maziwa. Bibi mmoja kakaa kwenye mkeka karibu na mlango, mwembamba, macho makali, akanikamata mkono.

"Wewe wa upande gani, mwanangu?"

Nikasema wa bwana harusi. Nilijua mji mzima hauwezi kumjua kila mtu wa bwana harusi.

"Mimi ndiye bibi yake," akasema. "Hebu nitajie jina lake."

Sikulijua. Nilisimama pale na kanga yangu ya zawadi mkononi, doti moja niliyoinunua Darajani, jasho linanitoka. Mwisho nikasema ukweli, "Bibi, mimi wa upande wa sanduku. Nimetoka Dar kulisikiliza." Akanitazama kidogo, akageuka akamwita mtu ndani kwa sauti iliyonyamazisha uani: "Huyu kaja kwa ajili ya sanduku! Mpeni nafasi mbele!" Doti ya kanga akaipokea yeye mwenyewe. Basi anayetaka kudandia harusi asidanganye, aende na zawadi. Na avunje pesa mapema: nilikuwa na elfu 20 na kitu za noti za elfu moja, ziliisha kabla ya magharibi.

Lile sanduku nililiangalia kama mtoto anavyoangalia trekta. Ni sanduku la majani ya chai kweli, la mbao nyembamba, pembe zimezungushiwa bati lenye kutu. Fimbo imesimama ukingoni, kamba moja inatoka kichwani mwa fimbo kwenda katikati ya sanduku, basi. Mpigaji alikuwa baba mtu mzima mwenye kikoi, kidole cha kupigia amekizungushia plasta mara tatu. Fimbo akiivuta kamba inakaza, sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hana alama popote pa kumwonyesha noti iko wapi. Aliangalia watoto, aliangalia jikoni, mara moja alikubali kikombe cha kahawa kwa mkono ulioshika fimbo, na hakukosea.

Wakaanza polepole kwa wimbo wa zamani wa Culture, nikautambua nikajisikia msomi. Dakika chache wakaingia mwingine bila kusimama, halafu mwingine, fidla inawavuta tu. Mwimbaji akaanza kugeuza maneno. Akamwimbia mama wa bibi harusi kuhusu kuku aliyefugwa kwa taabu akaondoka na jogoo wa jirani, uani pakalipuka. Kisha, naapa, akaimba kuhusu mgeni mwenye nguo nyeusi aliyekuja na boti kutafuta sanduku kama lake limeibwa. Nikatoa noti mbili kwa mpigo. Vigoma vikabadilika, vikawa vya unyago kabisa, vijana wa kiume waliokuwa wanachungulia wakafukuzwa kwa upawa, na yule bibi wa mlangoni, ambaye nilidhani hawezi kuinuka bila kushikwa, akainuka. Sitasema zaidi. Mimi nilicheza vibaya, kiuno cha bara hakidanganyi, lakini nilicheza.

Ninachotaka kumwambia kaka, na nilimwambia, ni hiki: besi ya sanduku huisikii kwa masikio. Nilikuwa nimekaa mkekani, inakuja kwa chini, inapita kwenye mifupa ya nyonga halafu ndiyo inafika kifuani. Nilirekodi kwa simu kama dakika 20. Kilichotoka ni fidla inayokwaruza, mtoto analia, na mahali pa sanduku pana mtetemo kama wa jokofu. Kuna CD ya Kidumbak Kalcha, Ng'ambo, ya mwaka 1997, iliyorekodiwa vizuri kuliko simu yangu mara mia, na hata pale bado unaambiwa tu kwamba sanduku lipo.

Kwa hiyo nimerudi kwenye Siti of Unguja kwa masikio mengine. Kaka kasema kweli kwamba imepigwa msasa. Lakini sasa naona watengenezaji wake walipoisukuma besi mbele hawakuwa wanaleta kitu kigeni. Ile ndiyo nafasi ambayo sanduku linaichukua mwilini, wao wameitafutia njia ya kuipitisha kwenye spika. Ninacholalamikia mimi ni kingine: kila wimbo unaisha peke yake, kwa adabu, unakaa kimya, unaanza mwingine. Kwahani hakuna wimbo ulioisha. Sauti ya Siti Muharam naipenda, ila ningependa kumsikia amekosa pumzi kidogo, mtu kamtupia ubeti katikati ikabidi amjibu. Kaka anasema hayo siyo makosa ya albamu, ndiyo albamu zilivyo. Hatujamaliza.

Juzi mzee wa viti kanipigia simu. Hakusalimia hata kidogo. "Mwanangu, viti 30, Bububu, turubai wamechukua mawili." Nimemuuliza rangi ya sare. Ameniambia hilo si la kwake, niulize kwa mwenye vitambaa.