Nilivyoanza kuchati kwa barua pepe

Laini yangu ya simu ilifungwa, na programu ya kuchati ikaenda nayo, maana akaunti ilikuwa imeunganishwa na namba ile ile. Anwani yangu ya barua pepe ndiyo iliyobaki hai, ya zamani lakini haina neno. Nikaona heri nichati kwa hiyo.

Nikapakua programu iitwayo Delta Chat. Unaipa anwani ya barua pepe, nayo hutuma ujumbe kwa SMTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kutumia barua ya tangu 1982, hupokea kwa IMAP, itifaki ya kupokelea, kisha hukupangia barua zako kama mazungumzo.

Kuingia kulinitoa jasho. Niliandika nenosiri mara tatu, nikakataliwa mara tatu. Kumbe kwa kuwa akaunti yangu ina uthibitishaji wa hatua mbili, programu ya nje haipokelewi kwa nenosiri la kawaida. Ilinibidi nitengeneze jingine maalumu kwenye mipangilio ya usalama. Hilo likapita papo hapo.

Kasi ndiyo niliyoitilia shaka, lakini IMAP ina amri iitwayo IDLE: simu huacha mawasiliano wazi na seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua, na barua ikiingia tu, seva inabisha hodi. Ujumbe wa dada yangu ulikuwa unafika ndani ya sekunde chache, ila pale simu ilipojifanya kuokoa betri na kuilaza programu. Nikaitoa kwenye orodha ya programu zinazobanwa.

Asiye na programu hupata barua ya kawaida, na akijibu, jibu huingia kwenye mazungumzo. Hiyo lakini haina usimbaji, yaani haifichwi kwa msimbo, mwenye seva anaweza kuisoma. Mimi na dada tuliskani msimbo wa QR tukiwa pamoja, tukabadilishana funguo za kusimba ujumbe, ukawa unasomeka kwetu wawili tu. Hata hivyo, seva bado inajua nani kamwandikia nani, na saa ngapi.

Kundi ndilo lililonitia adabu. Tulikuwa watu 19, na katika barua pepe kundi ni orodha ya wapokeaji tu. Kila "sawa" yangu ilikuwa barua kwa watu 18. Jioni moja ya utani, mtoa huduma wangu akanizuia kutuma hadi kesho yake, akidhani natawanya barua taka. Sikumlaumu sana, kwa macho ya seva nilifanana kabisa na watawanya barua taka.

Nikafungua wasifu wa pili ndani ya programu ile ile, kwenye seva ya chatmail. Seva hizi zimetengenezwa kwa ajili ya gumzo, hazikuombi namba ya simu wala jina, na hazipitishi barua isiyosimbwa. Kundi zima tukahamia huko kwa kuskani mwaliko mmoja.

Anwani ya zamani nimeiachia wasio na programu. Mmoja wao bado hunianzia kwa "Ndugu mpendwa" na kumalizia kwa majina yake matatu, hata anaponijibu "ndiyo".