Kabla hujaing'oa V8 yako, kumbuka uko Arusha

Gari la zamani la Marekani likiingia gereji za Unga Limited na Chevrolet 350, injini ya petroli ya V8 (silinda nane), chini ya boneti, hukumu huwa imeshatoka kabla fundi hajashika spana: linakunywa mafuta, halina nguvu, injini imechoka, tafuta 1HZ, dizeli ya Land Cruiser, tuweke. Kwa Land Cruiser mafundi wa Arusha hawafundishwi na mtu, na 1HZ ni injini ya kuaminika. Lakini V8 nyingi hung'olewa zikiwa bado nzima, kwa sababu geji imesomwa kwa vipimo vya kitabu, na vipimo vya kitabu ni vya usawa wa bahari.

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu. Hapa shinikizo la hewa limepungua kwa takribani asilimia 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho hata ikiwa mpya kabisa. Gari la kisasa lina sensa zinazopunguza mafuta ili yaendane na hewa. Kabureta haina habari. Inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba iko Tanga.

Basi anza na kompresheni, yaani msukumo wa hewa ndani ya silinda, unaopimwa kwa geji kwenye tundu la plagi. Pasha injini moto, toa plagi zote nane, chomoa waya wa koili, fungua choki, kanyaga aksileta mpaka chini, kisha piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Betri iwe imejaa, la sivyo silinda za mwisho zitasoma chini bure. Injini ambayo pwani ingetoa psi 160, hapa itatoa kama 136, na hiyo ni injini nzima. Namba yenyewe isikutishe. Linganisha silinda kwa silinda. Ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Na kama silinda mbili jirani zote ziko chini, ni gasketi ya hedi. Kwenye hii Chevrolet 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto wa gari, 2, 4, 6 na 8 kulia, kwa hiyo jirani wa 3 ni 5, siyo 4.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ya injini, ndiyo inayopotosha zaidi. Vakyumu hushuka kama inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 unazopanda. Kitabu kinataka 18 hadi 20 injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga aksileta. Arusha tegemea 14 au 15. Fundi akiona 14 anasema valvu, au taimingi (wakati wa cheche ya plagi) iko nyuma. Angalia mshale unavyokaa: ukitulia kwenye 14, uko salama. Ukidondoka kwa mpigo ule ule, valvu moja haifungi. Ukitetemeka haraka haraka, bushi zinazoongoza valvu (valve guide) zimelegea.

Injini ikipita hapo, usiguse kabureta bado. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kabureta ni ya moto wa plagi. Distribyuta (kigawa moto wa plagi) za Delco zenye pointi, swichi ndogo inayokata umeme wa koili, za V8 za GM tangu 1957 hadi 1974, zina kidirisha cha bati kwenye kava, na watu wanakipita tu. Kisukume juu, ingiza alenki ya inchi 1/8 injini ikiwa inaunguruma, zungusha kufuata saa polepole mpaka injini ianze kumisi, halafu rudisha nusu mzunguko. Umeseti pointi bila mashine yoyote. Ukiwa na mita ya dweli (pembe ambayo pointi hukaa zimefunga), tafuta digrii 30. Ukitumia fila (bati la kupimia mwanya), pointi mpya ni inchi 0.019, zilizokwisha kutumika 0.016. Pakaa grisi kidogo kwenye kemu ya distribyuta. Bila grisi, kile kisigino cha pointi kinalika, mwanya unafunga na taimingi inarudi nyuma yenyewe taratibu, na mwenye gari anadhani injini inazeeka.

Pointi zikiungua kila baada ya wiki chache, usinunue nyingine kwanza. Pima volti kwenye koili, swichi ikiwa imewashwa na pointi zimefunga. Waya wa asili una rezista ndani yake. Hutoa volti 12 wakati wa kupiga stata tu, kisha hushuka. Ukikuta 12 muda wote, kuna mtu alivuta waya wa kawaida kutoka kwenye swichi. Ni ufundi wa dakika tano unaoua pointi miaka yote. (Distribyuta ya HEI, ya kielektroniki isiyo na pointi, ya 1975 kuendelea, ni kinyume chake: yenyewe inataka 12 kamili.)

Kuna kosa la waya za plagi linalowahangaisha hata mafundi wazuri. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zinafuatana na zimekaa jirani. Waya zake zikifungwa pamoja kwa zipu tai ili injini ionekane nadhifu, moto wa 5 unaamsha 7 kabla ya wakati wake. Injini inakohoa ikibebeshwa mzigo, kwenye silensa iko sawa. Zitenganishe hizo mbili, pitisha waya nyingine katikati.

Taimingi inafuata baada ya pointi, kamwe siyo kabla, kwa sababu ukigusa pointi taimingi inahama. Chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta uuzibe, shusha silensa, piga taa ya taimingi. Anza na namba ya kitabu cha gari lako, kisha ongeza digrii 2, hata 4, kwa kuwa hewa nyembamba inawaka polepole na haigongi upesi. Legeza bolti ya inchi 9/16 na uzungushe distribyuta kinyume cha saa ili kuisogeza mbele. (Ford 289 na 302 ni kufuata saa.) Jaribu mlima kutoka Usa River kurudi mjini, gia kubwa, mguu umekaza. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo, rudisha digrii 2.

Na tafadhali, spana za inchi. Namba 13 kwenye nati ya nusu inchi inalegea robo milimita na ushee, na 15 kwenye 9/16 ni kuharibu kichwa cha bolti mchana kweupe. Namba 19 ndiyo inakaa vizuri kwenye 3/4.

Sasa kabureta. Plagi zikitoka nyeusi, kavu, zenye masizi, mchanganyiko una mafuta mengi. Kwa kabureta ya Holley kanuni ni kushusha jeti (kitundu kinachopima mafuta) kwa namba moja kila mita 600: yenye 72 weka 70. Usizibe jeti kwa risasi ukaitoboa upya. Tundu la jeti lina umbo lake, siyo kipenyo tu. Kabla ya jeti, hakikisha floti: kwenye Holley yenye bolti ya kuchungulia, mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu, yasimwagike. Skurubu mbili za silensa zifunge taratibu hadi zigote, fungua mzunguko mmoja na nusu, kisha cheza na kila moja mpaka vakyumu ifike juu kabisa.

Maji nayo. Arusha maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko wa radieta wa psi 15 ukiwa mzima unaongeza zaidi ya digrii 20. Mpira wake ukipasuka, gari linachemsha huku kila kitu kingine kiko sawa. Kung'oa themostati siyo dawa: injini inabaki baridi, mafuta hayageuki mvuke vizuri, silinda zinaoshwa oili. Gari likizima kwenye kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu na kuwaka tena likipoa, ni mvuke kwenye bomba la petroli. Lisogeze mbali na ekzosi. Ukiwa njiani, kitambaa kibichi juu ya pampu kinatosha kukufikisha Karatu.

Mjini Moshi, chini ya mita 1,000, kushusha jeti kwa namba moja kunatosha. Mwenye kushuka Moshi kila wiki na mzigo naye ashushe moja tu, kwa sababu mafuta yakizidi kidogo utalipa kwenye kituo cha petroli, yakipungua mno utayeyusha pistoni. Na ukipanga safari ya Dar, rudisha jeti za kiwandani na zile digrii ulizoongeza uzitoe kabla ya kuondoka, siyo ukifika Chalinze.