Pua Haikimbii

Julai hapa Dodoma ni upepo, vumbi na mafua. Ndiyo maana sikushtuka sana mpwa wangu wa kidato cha kwanza alipokaa kwenye benchi la steshenari yangu, huku Ng'ong'ona, akafungua zoezi lake la kutafsiri sentensi za Kiingereza, akaandika kwenye daftari: "Pua ya mtoto inakimbia."

"Inakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Anko, si 'run' ni kukimbia?"

Ni kukimbia, ndiyo, kama unamzungumzia Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Zaidi ya hapo, mara nyingi neno hilo halina hata miguu. Mtoto anatokwa na kamasi. Kitenge kinachuja. Duka linaendeshwa. Wino unaniishia, tena katikati ya kazi ya mwanachuo, kurasa zaidi ya mia mbili, na mwenyewe anatakiwa kuiwasilisha saa nane mchana. Kwa Mwingereza yote hayo ni "run". Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alilikalia neno hilo miezi tisa, akainuka na maana 645 za kitenzi peke yake. Miezi tisa, mimba nzima! Zamani bingwa alikuwa "set", lenye maana 430 katika toleo la mwaka 1989.

Nikamwambia mpwa wangu kwa majivuno kwamba Kiswahili hakina uvivu huo, kila jambo limepewa neno lake. Akanitazama.

"Na sisi je, anko? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga chafya. Anayepigwa nani?"

Nikajifanya nimeona mteja.

Sentensi iliyoninogea ilikuwa ya ubunge. Huku wabunge ni majirani zetu. Vikao vikianza, gesti zinajaa na bodaboda wanachangamka. Sasa, Mmarekani akiutaka uongozi, kwa lugha yake "anakimbia". Mwingereza, mwenye Kiingereza chake, "anasimama". Sisi tunagombea, na neno hilo ukilipasua unakuta ndani yake kugomba, ndugu yake ugomvi. Halafu kusimama nako tunako, ila kwetu mtu hasimami tu mwenyewe kama mnazi. Anasimamishwa na chama, maana mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo mmoja yuko mbioni, mwingine kasimama wima, wa kwetu kainuliwa na wenzake akiwa tayari kwenye ugomvi, na wote watatu wanatafuta kiti cha kukalia.

Kumbe nilikuwa nahutubia benchi. Mtoto alishamaliza na kufunga daftari. Nikalifungua nione alichoandika: "Baba yake anakimbilia bungeni."

Nikachukua kifutio. Nikakitazama kidogo, nikakirudisha kwenye kopo la kalamu.