Nilivyolidhibiti vumbi la mninga katika chumba cha chini

Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko mjini Kigoma, na upande wake wa bondeni una chumba chini ya sebule ambacho zamani kilikuwa stoo. Humo ndimo ninamotengeneza vigoda na visanduku vya mninga jioni nikitoka kazini, si kwa biashara bali kwa kupenda tu. Chumba kina mlango unaofungukia ngazini na dirisha moja dogo karibu na dari.

Mwaka wa kwanza nilidhani ufagio unatosha. Vumbi la mninga huwasha pua na ngozi, na baadhi ya watu huwaletea pumu. Mimi lilianza kwa chafya, kisha kifua kikawa kinabana. Nilipopata kujua kwamba vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, niliacha kulifanyia mzaha.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nimetoka tu kufagia. Niliwasha tochi, na ndani ya mwanga wake nikaona chembe zisizo na idadi zikielea. Nusu saa baadaye zilikuwa bado zimo. Kilichoanguka sakafuni kilikuwa kile kizito, na kile chepesi, ambacho ndicho huingia mapafuni, nilikuwa nikikirudisha hewani kwa ufagio wangu mwenyewe.

Nilifunga feni dirishani isukume hewa nje, lakini haikusaidia kitu. Nikachoma udi ili nifuate moshi wake, nikauona unazunguka palepale mbele ya feni: mlango ulikuwa umefungwa, na hewa haiwezi kutoka ikiwa hakuna nyingine ya kuingia. Nilipoukata mlango kwa chini, upana wa vidole vinne hivi, moshi ulinyooka moja kwa moja hadi dirishani. Meza ya kupigia msasa nikaihamishia chini ya dirisha, hewa itokee mgongoni kwangu, na tangu siku hiyo vyombo vya jikoni juu havikupata tena utando wa kahawia.

Siku ya tatu mama jirani wa bondeni alibisha hodi akiwa na khanga mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi nguo nimezianua au nimezipaka unga?" Sikuwa na jibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kulikamata vumbi linapozaliwa. Mashine ya msasa niliiunganisha kwa mpira na mashine ya kuvuta vumbi, na katikati nikaweka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kilichobana, ili vumbi zito libaki humo na chujio lisizibe haraka. Kazi inayowezekana kwa randa siipigi tena msasa, kwa kuwa randa hutoa maranda, nayo hayaelei. Sakafu nimeipiga niru na ninaipangusa kwa kitambaa chenye maji. Barakoa ninayovaa ni ile inayobana usoni pande zote. Ya kitambaa haizuii chembe ndogo.

Maranda huchukuliwa na mama jirani yuleyule, huyatandika chini ya vifaranga wake. Aliomba na unga wa ndooni, nikakataa kwa heshima, maana vifaranga nao wana mapafu. Huo ninaufukia nyuma ya nyumba baada ya kuulowesha.