Nilivyozipata Makala za Mwani Nikiwa Pemba

Mwani wetu umeandikwa sana. Tokea zao hili lianze kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, watafiti wa hapa nchini na wa nje wamepima maji, wamehesabu kamba za mashamba, wamewahoji akina mama wa mwambao, kisha wakaenda zao kuandika. Nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili kuhusu kuoza kwa mwani Pemba, kazi ngumu ilikuwa kuyafikia hayo yaliyoandikwa. Nasomesha skuli ya sekondari Wete, chuo nilichosajiliwa kiko mbali, na makala nyingi nilizozihitaji zilikaa nyuma ya ukurasa unaodai dola 30 au 40 kwa makala moja. Kwa mama anayelima mwani Tumbe, fedha hiyo ni magunia.

Nilimaliza mapitio ya machapisho bila kununua makala hata moja, na bila kupita njia za panya. Nayaeleza haya kwa mwalimu, ofisa uvuvi, muuguzi au mwanafunzi mwengine aliyeko kisiwani ambaye amefungua ukurasa wa namna ile, akaona bei, akafunga kompyuta.

Msimamizi wangu alinipa nasaha moja mwanzoni: "Mwalimu, usianze kwa kutafuta. Anza kwa mtu aliyekwisha kusoma kabla yako." Alikusudia nianze na kazi za mapitio, zile zinazokusanya yaliyoandikwa na wengi. Ya kwangu ilikuwa ripoti ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 kuhusu uchumi na jamii za wakulima wa mwani katika nchi kadhaa. Ndani yake mna sura ya Tanzania iliyoandikwa na Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyeufuatilia mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Ripoti nzima inapakuliwa bure. Nilianza kuisoma kutoka nyuma, kwenye orodha ya marejeo, penseli mkononi, nikitia alama kila kazi yenye jina la Zanzibar, Pemba au sehemu yoyote ya mwambao wetu.

Marejeo hukurudisha nyuma tu, kwa waliotangulia. Kwenda mbele nilitumia Google Scholar, tovuti ya Google ya kutafutia kazi za kitaaluma. Chini ya kila makala inayotokea pale kuna kiungo kinachoonyesha kazi zilizoinukuu baadaye. Ukiwa na makala moja nzuri ya zamani, unabonyeza hapo na wanakuja watu wa miaka ya karibuni wanaobishana nayo, wanaoikubali, waliopima upya. Sehemu kubwa ya machapisho yangu niliyapata kwa kurudi nyuma na kwenda mbele hivyo, na bado naiona njia hii bora kuliko kubahatisha maneno kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kwenye kisanduku nako nilikwenda, lakini kwa mpango. Aina mbili za mwani tunazolima, wakulima na wanunuzi wetu wanaziita spinosamu na kotoni. Wanasayansi wanaandika Eucheuma denticulatum kwa spinosamu na Kappaphycus alvarezii kwa kotoni, ambayo kazi za zamani zinaiita Eucheuma cottonii. Nilitafuta kwa kila jina peke yake. Pemba nayo ina taabu yake, kwa sababu upo mji wa Pemba huko Cabo Delgado, Msumbiji, ulio pwani vilevile na wenye watafiti wa bahari vilevile. Nilikuwa naandika neno Mozambique na kulitanguliza kwa alama ya kutoa ili matokeo ya huko yaondoke. Halafu nikatafuta majina ya vijiji yenyewe, nikiyafunga ndani ya alama za kunukuu: Tumbe, Micheweni, Kisiwa Panza, Chwaka. Hapo ndipo zilipoibuka kazi ambazo vichwa vyake havina hata neno mwani.

Nyingi kati ya hizo zilikuwa za bure tokea mwanzo, ila zimekaa pahala ambapo mtu hapafikirii. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao yake hapa hapa Zanzibar, na jarida lake linalotoka tokea 2002 husomwa bila malipo. Majarida mengi ya Afrika yamo kwenye AJOL, mtandao ulioanza 1998. AquaDocs, hifadhi iliyo chini ya UNESCO, ina ripoti za uvuvi na bahari ambazo hazikupata kuingia kwenye jarida lolote. Wanafunzi wa udaktari wa Sweden waliofanya utafiti wao kwenye ghuba ya Chwaka, Unguja, waliziacha tasnifu zao kwenye DiVA, hifadhi ya vyuo vya kwao, na tasnifu ya udaktari ya Sweden kwa kawaida hukusanya makala kadhaa pamoja na utangulizi mrefu wenye marejeo tele. Na wako wanafunzi wa Kimarekani wa SIT, taasisi inayopeleka wanafunzi kusoma nchi za nje, wanaokuja Zanzibar kusoma ikolojia ya pwani. Ripoti zao ndogo zimo mtandaoni kwenye hifadhi ya taasisi hiyo. Ripoti hizo hazikupitiwa na wataalamu kama makala za jarida, kwa hiyo sikuzitegemea kwa ushahidi, lakini zinataja kijiji na mwezi, na zilinionyesha wapi pa kutazama.

Sasa zile zenye bei. Jambo lililonifungua macho ni kwamba makala moja huwa ipo katika sehemu kadhaa. Ile ya mchapishaji ndiyo iliyopangwa vizuri na kufungwa kufuli, lakini wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala yake iliyokubaliwa, kabla haijapangwa kurasa, kwenye hifadhi ya chuo chake, mara nyingi baada ya kupita muda fulani. Maneno na majedwali ni yale yale.

Nieleze makala moja niliyoitaka sana, iliyohusu joto la maji na kufa kwa kotoni. Ukurasa wa mchapishaji ulinipa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, na bei. Nikakinakili kichwa cha makala chote, nikakifunga kwa alama za kunukuu, nikakitia Google Scholar. Chini yake palikuwa na kiungo cha kuonyesha matoleo yote. Nikabonyeza, ikashuka orodha fupi: la kwanza mchapishaji, la pili tovuti inayorudia ikisiri, la tatu hifadhi ya chuo kimoja cha Ulaya, na kulia kwake yale maandishi madogo ya PDF. Ilikuwa nakala ya mwandishi, mistari imeachana mbalimbali, michoro yote imewekwa mwisho. Nikaisoma usiku ule ule.

Baadaye niliweka Unpaywall kwenye kivinjari changu, programu ndogo ya bure inayofanya utafutaji huo yenyewe. Ukifungua ukurasa wa makala na ikajua pana nakala huru pahala, kufuli dogo la kijani hutokea pembeni. Kwa mtu anayehesabu bando, hiyo ni nafuu kubwa. Haikamati kila kitu, kwa hiyo ile njia ya matoleo yote sikuiacha.

Msaada mkubwa kuliko wote ulitoka kwa mkutubi wa chuo. Nilimpigia simu nikamwambia, "Dada, nakwama kwenye majarida ya kulipia." Akaniuliza, "AGORA umeshaingia, Mwalimu?" Sikuwa nimewahi kuisikia. Akanieleza kwamba kuna mpango unaoitwa Research4Life, ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa wanazipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo ruhusa ya kusoma majarida ya kulipia. Hinari ya WHO, ya mambo ya afya, ilitangulia mwaka 2002; AGORA ya FAO, ya kilimo na uvuvi, ikafuata 2003; OARE ni ya mazingira. Tanzania imo kwenye kundi linalopata bure. Anayesajiliwa ni taasisi, na jina la kuingilia na neno la siri hushikwa na maktaba. Yaani mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yake yote huku ruhusa ipo na hakuna aliyemwambia. Nawaomba wenzangu: kabla hujakata tamaa, muulize mkutubi wako kwa jina hasa, "Tumesajiliwa Research4Life?" Kama bado, taasisi yenyewe inaweza kuomba.

Alinitahadharisha pia nisilisambaze neno la siri kwenye makundi ya WhatsApp na nisipakue jarida zima kwa mkupuo. Mchapishaji akiona hivyo anaweza kuifungia taasisi nzima, na watakaoumia ni wengine. Nililishika hilo.

Zikabaki chache ambazo hazikupatikana kwa njia yoyote. Hizo niliwaandikia wenyewe. Anwani ya barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano huwa ipo kwenye ukurasa wa makala hata kama makala yenyewe imefungwa. Ikiwa ni ya zamani na mtu amehama, tafuta makala yake ya karibuni. Barua yangu ilikuwa ya sentensi chache, kwa Kiingereza chepesi: mimi ni nani, nasomesha wapi, nachunguza nini, makala gani naiomba kwa kichwa chake kamili na mwaka wake, na swali moja khasa ambalo natarajia itanijibu. Lile swali ndilo linaloleta majibu. Mwandishi akiona umesoma ikisiri yake na unajua unachokitafuta, hukujibu kama mwenzake. Mmoja alinitumia makala na juu yake akanitumia jedwali la vipimo vyake vyote vya joto, ambalo halikuchapishwa. Mwengine hakujibu; nikamwandikia mwenzake aliyetajwa wa pili kwenye makala ile ile, naye akaileta.

Faili zikiwa nyingi zinataka utaratibu. Zinashuka na majina ya herufi na tarakimu yasiyo na maana, na baada ya muda hujui ipi ni ipi. Nilitumia Zotero, nayo ni ya bure, inasoma faili na kujaza yenyewe mwandishi, mwaka na jarida, kisha inapanga marejeo.

Wakati wote huo nilikuwa nakwenda Tumbe kila maji ya bamvua, mashamba yanapokauka. Siku moja Bi mkubwa mmoja, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, huku anazungumza, aliniuliza nimesoma nini mpaka sasa. Nikamwambia watafiti wanasema joto la maji ndilo linalouumiza mwani. Akasema, "Hilo joto sisi tunalikanyaga kwa miguu yetu, Mwalimu. Hao walioandika wamesema tukapande wapi?"

Swali lake liligeuza utafutaji wangu. Niliacha kutafuta ugonjwa, nikaanza kutafuta kilimo cha maji ya kina: maboya, chelezo, na zile neti za mirija ambazo zimewahi kujaribiwa hapa Zanzibar. Niliyapata, pamoja na maelezo ya kwa nini hayakuenea: vifaa ni ghali, unahitaji chombo cha kufikia shamba, na wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea. Lakini karibu yote yalihusu Unguja.

Nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja kutazama ambayo hayamo mtandaoni kabisa. Maktaba ya Taasisi ya Sayansi za Bahari ina ripoti za karatasi za miaka ya 1990, zama za mwanzo za mwani. Niliomba ruhusa, nikazipiga picha kurasa nilizozihitaji, nikianza na ukurasa wa jalada ili marejeo yasipungue kitu.

Vipimo vya joto vya vina tofauti kwa maji ya kaskazini ya Pemba sikuvikuta. Niliposema hivyo kwenye pendekezo langu la utafiti, msimamizi aliniuliza nina hakika gani kwamba hakuna aliyepima. Nikamtumia daftari nililokuwa nikiliandika tokea mwanzo: kila neno nililotafutia, kila hifadhi niliyoingia, tarehe, kilichopatikana na kisichopatikana, majina ya niliowaandikia na walichojibu. Alilisoma kwa siku kadhaa, akaniongezea sehemu moja ya kutafuta, nikaipitia, nako hakukuwa na kitu. Akatia saini pendekezo, nami nikaenda kutafuta vipimajoto.