Tafakari ya Wiki: Kusanyeni Vipande
Somo: Yohana 6:5–13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya mikate mitano na samaki wawili tunaijua tangu tukiwa watoto, na wengi wetu tukiulizwa inaishia wapi tutajibu kwamba inaishia pale watu waliposhiba. Yohana anaendelea kidogo. Anasema walipokwisha kushiba, Yesu aliwaambia wanafunzi wake, "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu cho chote." Wakakusanya, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Aliyetoa agizo hilo ndiye yule yule aliyekuwa ametoka kulisha wanaume wapata elfu tano kwa chakula cha mtoto mmoja. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema "acheni hayo, kesho nitafanya vingine", ni yeye. Na vipande vyenyewe vilikuwa vya mkate wa shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini. Bado akawainamisha mitume kwenye nyasi, mmoja mmoja, waokote.

Sisi kubana matumizi tumekufanya kuwa jambo la Januari. Ada imefika, sare zimebana, mwenye nyumba anapiga simu, ndipo mama anatangaza kwamba kuanzia leo hakuna soda. Desemba yote hatukukumbuka. Yesu alihimiza uangalifu siku ya shibe, wakati hakuna aliyekuwa na njaa wala deni. Hilo ndilo ninalotaka tulishike wiki hii ya Majilio, wakati wengine wameshakata tiketi za kwenda Moshi na wengine wanapanga siku ya kushuka Kariakoo.

Nianze jikoni, maana ndiko fedha nyingi ya nyumba inakopita bila kuaga. Maharage makavu yakibandikwa bila kulowekwa yanakula mkaa vibaya. Yakilala kwenye maji usiku kucha, asubuhi ukamwaga yale maji na kuyabandika kwenye maji mapya, yanaiva mapema. Mwenye friji achemshe mengi kwa mara moja bila kuyaunga, ayagawe kwenye vyombo: leo ayaunge kwa nazi, kesho kwa nyanya na karoti, keshokutwa ayachanganye na mahindi yapatikane makande. Asiye na friji achemshe ya siku moja na kiporo cha asubuhi, maana sote tunajua maharage ya jana na chai ni chakula cha kumfanya mtoto aamke bila kuitwa mara mbili. Ugali uliolala unakatwa vipande na kukaangwa. Wali sharti uwe mwangalifu nao: usiuache wazi mezani hadi asubuhi kwa joto letu hili la Dar ukasema unaokoa chakula, utaishia kununua dawa ya tumbo.

Mama zetu wa pwani agizo hili la kukusanya vipande wanaliishi bila kusomewa. Mwangalie mmoja akiwa kwenye mbuzi. Nazi imekunwa, anatia maji kidogo ya uvuguvugu na kukamua tui la kwanza, zito, analiweka kando. Machicha yale yale anayatia maji tena, anakamua tui jepesi, na hilo ndilo la kuivishia kisamvu. Pengine anarudia mara ya tatu. Kisamvu kikikaribia kuiva anapunguza moto, ndipo analirudisha lile tui zito, anakoroga taratibu lisikatike. Machicha yanakwenda kwa kuku. Kifuu kama ni kizima kinatobolewa na kutiwa mpini, kinakuwa upawa. Kikiwa kimepasuka kinawashia jiko. Mpaka hapo nazi moja imemaliza kazi zake zote, na mezani hakuna aliyehisi kwamba amepunjwa. Mithali 15:17 inasema chakula cha mboga penye mapendano ni bora kuliko ng'ombe pamoja na kuchukiana. Na kisamvu cha karanga na nazi, kwa maoni yangu, hakihitaji hata kulinganishwa na huyo ng'ombe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi wengi mmekuwa mkiuliza kwenye jumuiya, la vitu vya watoto. Nyumba zetu za mjini ni ndogo, lakini fungua lile boksi lililo nyuma ya kochi: magari ya plastiki yasiyo na magurudumu, mdoli asiye na mkono, simu ya kuchezea isiyolia tangu betri ziishe, mipira miwili isiyo na upepo. Kila sikukuu tunaongeza. Mtoto analimwaga boksi lote sakafuni, anazunguka humo ndani, kisha anakuja kukwambia hana cha kuchezea.

Kutoka 16 ina maneno kwa boksi hilo. Waisraeli waliambiwa wasibakize manna hadi asubuhi. Waliobakiza waliikuta imeingia mabuu na inatoa uvundo, na Musa akawakasirikia. Lakini siku ya sita waliokota maradufu, wakaweka kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Kwa hiyo Mungu hakuwa na ugomvi na kuweka akiba. Manna ni ile ile, chungu ni kile kile. Waliofungua wakakuta mabuu ni wale walioweka kwa kuogopa kwamba kesho hatatoa. Wale wa siku ya sita waliweka kwa sababu walijua ni ya nini na italiwa lini. Swali hilo hilo liulizeni vitu vya nyumbani kwenu: hiki ni cha nini, na kitatumika lini? Kinachojibu kibaki. Tusichanganye kutunza na kurundika.

Namna ya kupunguza, nashauri hivi. Msimwibie mtoto vitu vyake akiwa shuleni. Atakaporudi na kukuta gari lake halipo hatajifunza ukarimu, atajifunza kuficha. Kaeni naye chini, mmwage boksi, achague mwenyewe anavyovipenda kweli. Vinavyobaki mvitazame pamoja. Kinachotengenezeka kitengenezwe siku hiyo hiyo, kisirudi kwenye boksi kungoja fundi. Vingine vizima vifungeni kwenye mfuko mviweke juu ya kabati, mvishushe baada ya muda. Mtaona atakavyovipokea kama vipya. Kilichovunjika kabisa ni taka, na taka haitolewi sadaka.

Hapo kwenye sadaka nisimame kidogo, maana tuna tabia. Tukisikia kuna makusanyo ya watoto yatima tunapeleka yule mdoli asiye na mkono. Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha Arauna, Arauna alimpa vyote bure: kiwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Alisema hatamtolea Bwana, Mungu wake, sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli hamsini za fedha (2 Samweli 24:24). Mtoto anayetoa gari lake zima, alilolisafisha kwa mswaki wa zamani na sabuni, ameelewa aya hiyo kuliko baba anayemwaga kabati la nguo zilizochanika.

Na wala tusiogope watoto kukaa na vichache. Tuliokulia vijijini tunakumbuka gari la waya lenye magurudumu ya malapa yaliyokatwa, na chandimu cha makaratasi na matambara kilichofungwa kwa kamba kikaviringika vizuri kabisa. Kikifumuka katikati ya mechi, mechi inasimama, kinafungwa, inaendelea. Watoto wa leo wapeni waya, koleo na visoda siku moja ya likizo muone.

Kuhusu zawadi za Krismasi, msomeni Hana katika 1 Samweli 2:19. Samweli alikuwa Shilo kwa Eli, na kila mwaka walipokwea kutoa dhabihu mama yake alimfanyizia kanzu ndogo akampelekea. Wengine husema maskini, hakuwa na kitu kingine. Si kweli, nyumba ile walipompeleka mtoto mara ya kwanza walikwenda na ng'ombe, efa ya unga na divai. Hawakuwa watu wa kukosa. Hana alishona kwa sababu alikuwa mama anayemwona mwanawe mara moja kwa mwaka. Hebu fikirini kazi ya kukata kanzu ya mtoto ambaye hayupo umpime. Mwaka jana alifika hapa kiunoni. Sasa atakuwa amefika wapi? Mabega yamepanuka? Mikono niiache mirefu kidogo? Huwezi kushona nguo ya namna hiyo bila kumwaza mtu saa nyingi. Zawadi ya dukani mara nyingi inatuondolea kazi hiyo ya kuwaza, ndiyo maana tunaipenda.

Kwa hiyo msione haya kutoa vya mkono wenu. Desemba ni msimu wa maembe. Achali ya embe kwenye chupa ya jemu iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni zawadi ya heshima kwa mama mkwe. Kashata ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: karanga zimekaangwa na kumenywa, sukari inayeyushwa kwenye sufuria kavu mpaka inakuwa rangi ya asali, karanga zinaingia, unamimina haraka kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukata kabla haijapoa. Ukichelewa utaivunja kwa mchi. (Watoto wakae mbali na sukari ya moto, inaunguza kuliko maji.) Mabaki ya kitenge kwa fundi wako yaulizie; hutoka mifuko mizuri ya sokoni, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019, mfuko imara wa kitambaa unatumika kila siku ya Mungu. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Walizivaa, wakazilia.

Aliyewahi kusimama kwenye mnada nje ya kanisa baada ya ibada anajua ninachosema. Trei ya mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, vinapanda bei mpaka vinapita ya sokoni mara kadhaa, na aliyenunua anageuka anampa bibi aliyekaa benchi la mbele. Pale hakuna anayeuliza kwa nini mtu hakuleta kitu cha dukani.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua katika mafundisho ya aina hii, na nisingependa lipite. Kuna nyumba kwenye jumuiya yetu ambazo hazina kiporo kwa sababu sufuria haikujaa. Mama anayenunua mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo hafundishwi kubana matumizi. Anakujua kuliko sisi wote, na analipa bei kubwa zaidi kwa kila kijiko kwa sababu hana fedha ya kununua lita tano kwa pamoja. Kumpelekea somo la kuloweka maharage wakati hana maharage ni yale yale ambayo Yakobo anayasema, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kuwapa mahitaji ya mwili. Yesu aliwalisha watu kwanza. Neno la kukusanya makombo aliwaambia wanafunzi, wakati makutano wakiwa wameshashiba.

Na pia si kila anayebana amebana kwa ajili ya Mungu. Yupo anayehesabu vijiko vya sukari mgeni akiwa anatazama. Huyo asijifiche nyuma ya Yohana 6.

Basi wiki hii tusome pia 2 Wafalme 4:1–7, habari ya mjane na chupa ya mafuta, na tuangalie hasa ile sehemu ambapo anatumwa kwa majirani kuazima vyombo, maana majirani nao wana nafasi yao katika muujiza ule. Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri tutapokea vitu nyumbani kwa mama mlezi wa jumuiya. Vya kuchezea vije vizima na vimeoshwa. Nguo zipigwe pasi, vifungo vikaguliwe. Anayeweza alete unga, maharage au mafuta, tutavipima na kufunga pale pale, vijana watapeleka giza likiingia. Anayeleta asiulize vinakwenda nyumba gani.